Kesi ya Bakke: nafasi 16 na watu ambao hawakuitwa mahakamani

Katika fomu ya maombi ya mwaka 1973, Shule ya Udaktari ya Chuo Kikuu cha California huko Davis ilimuuliza kila mwombaji kama angependa kuhesabiwa miongoni mwa watu waliokosa fursa kiuchumi au kielimu. Mwaka uliofuata swali lilibadilika. Sasa mwombaji aliulizwa kama angependa kuhesabiwa katika makundi ya wachache, yaani Weusi, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Waasia na wenyeji asilia wa Marekani. Swali la kwanza linataka kujua mtu ametoka katika maisha gani, na la pili linataka kujua amezaliwa katika kundi lipi. Kati ya maswali hayo mawili ndipo ilipozaliwa kesi ya Allan Bakke, Mzungu aliyekataliwa na shule hiyo, kesi iliyotawala mjadala wa udahili wa vyuo vya Marekani kwa miaka 45, na nimeamua kuichambua kesi hiyo moja, hatua kwa hatua, kwa sababu naamini iliamuliwa huku wale waliokuwa na haja nayo kuliko wote wakiwa nje ya mlango.

Shule ya Davis ilifunguliwa mwaka 1968 ikiwa na wanafunzi 50 katika darasa lake la kwanza. Miongoni mwao walikuwamo Waasia watatu, lakini hakukuwa na Mweusi hata mmoja, wala mwenye asili ya Meksiko, wala mwenyeji asilia, ingawa California ni jimbo ambalo watu wa makundi hayo wanahesabika kwa mamilioni. Wala hakukuwa na bango mlangoni lililowakataza kuingia. Walimu wa shule hiyo walitambua kwamba vigezo vyao vya kawaida, yaani alama za chuo, mtihani wa taifa wa kuingilia udaktari na barua za kupendekezwa, vilikuwa vikirudisha darasa lilelile kila mwaka, na bila kuamriwa na mahakama wala bunge waliamua kuanzisha utaratibu wa pili. Darasa lilipoongezwa hadi wanafunzi 100 mwaka 1971, nafasi 16 zilitengwa kwa ajili ya utaratibu huo.

Namna ulivyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa makini, kwa sababu kesi nzima imesimama juu yake. Waombaji wa kawaida walipitia kamati ya jumla, na aliyekuwa na wastani chini ya 2.5 katika mizani ya 4 alikataliwa papo hapo bila kuitwa kwenye usaili. Waombaji wa utaratibu maalumu walipitia kamati yao, ambayo wajumbe wake wengi walitoka katika makundi ya wachache. Kikomo cha 2.5 hakikuwahusu, na hawakulinganishwa na waombaji wa kawaida. Kamati hiyo iliendelea kupendekeza majina mpaka nafasi 16 zijae. Tangu 1971 hadi 1974 waliingia kwa njia hiyo Weusi 21, Wamarekani wenye asili ya Meksiko 30 na Waasia 12. Katika miaka hiyohiyo njia ya kawaida iliwaingiza Waasia 37, wenye asili ya Meksiko sita, na Mweusi mmoja. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleza kwa nini walimu wale walifanya walilolifanya.

Iko namba nyingine ambayo watetezi wa utaratibu huo hupenda kuiruka, nami siwezi kuiruka. Mwaka 1973 walioomba kupitia kamati maalumu walikuwa 297, na 73 kati yao walikuwa Wazungu waliojitaja kuwa wametoka katika maisha duni. Mwaka 1974 waliomba 628, na Wazungu walikuwa 172. Kwa miaka yote hiyo hakuna hata Mzungu mmoja aliyepewa nafasi kwa njia hiyo. Fomu iliuliza juu ya umaskini, watu 73 wakajibu kwa imani njema, na kamati haikuwa na nia ya kuwasikiliza. Mwaka 1974 shule iliandika kwenye fomu kile ilichokuwa ikikitenda tayari.

Allan Bakke hakuwa mmoja wa hao 73. Alikuwa mhandisi mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Minnesota na shahada ya uzamili ya Stanford, aliyetumikia kikosi cha Marines cha jeshi la Marekani na kupelekwa Vietnam, kisha akaajiriwa katika kituo cha utafiti cha NASA kilicho California. Huko alianza kuvutwa na udaktari, akasoma masomo ya sayansi yaliyohitajika huku akiendelea na kazi, na akajitolea kuhudumia wagonjwa hospitalini. Alipoomba Davis mwaka 1973 alikuwa na umri wa miaka 33. Shule nyingi za udaktari wakati ule zilimwona mtu wa miaka hiyo kuwa amechelewa, na wako waliomwambia hivyo waziwazi. Alikataliwa na shule nyingi mbali na Davis, na hili nalo halikupata nafasi kubwa katika hadithi iliyosimuliwa baadaye.

Wastani wake ulikuwa 3.46, na katika sehemu ya sayansi ya mtihani wa taifa aliwapita watahiniwa 97 katika kila 100. Walioingia kwa njia ya kawaida mwaka huo walikuwa na wastani wa 83 katika sehemu hiyo, na walioingia kwa njia maalumu walikuwa na 35. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayeificha hawatendei haki wasomaji wake. Wajumbe watano wa kamati walimpa Bakke jumla ya alama 468 kati ya 500. Maombi yake, hata hivyo, yalikamilika mwishoni mwa msimu kwa sababu ya ugonjwa katika familia, na wakati huo aliyekuwa chini ya 470 hakupokelewa tena. Alikosa alama mbili. Wakati barua ya kumkataa inaandikwa, nafasi nne kati ya zile 16 zilikuwa bado wazi, na jina lake halikufikiriwa kwa hata moja.

Alimwandikia mwenyekiti wa kamati ya udahili, Daktari George Lowrey, akilalamika kwamba nafasi zile 16 zilikuwa ubaguzi wa rangi. Hakupata alichokitaka. Alipoomba tena mwaka 1974, aliyepangiwa kumfanyia usaili upande wa walimu alikuwa Lowrey huyohuyo. Lowrey alimpa alama 86, ya chini kuliko zote sita alizopewa, akieleza kwamba mwombaji huyo alikuwa na misimamo mikali iliyotokana na maoni yake binafsi zaidi kuliko uchunguzi wa tatizo lenyewe. Mwanafunzi aliyemsaili alimwona mtu mwema na wa kufurahisha kuzungumza naye. Jumla ilikuwa 549 kati ya 600, naye akakataliwa tena. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya meza ya usaili anaweza kujua Bakke alijisikiaje alipomwona ni nani amekaa upande wa pili.

Tarehe 20 Juni 1974 alifungua kesi katika mahakama ya Wilaya ya Yolo. Hapa ndipo ninapoomba msomaji apunguze mwendo.

Upande mmoja alisimama Bakke, ambaye hakuwa na sababu ya kuzungumzia historia ya ubaguzi wa California. Upande wa pili kilisimama chuo kikuu, ambacho kilikuwa na sababu nzito ya kukaa kimya juu ya historia hiyohiyo, kwa kuwa kukiri kwamba jimbo na shule zake ziliwabagua Weusi na Wameksiko kungekifungulia mlango wa mashtaka mengine. Chuo kilikuwa na ushahidi wa kutosha karibu nacho: shule za msingi na sekondari za California zilizotengana kwa rangi, mitihani iliyowapima watoto kwa walichonyimwa, wilaya za mashambani zisizo na daktari. Hakuna kilichofikishwa mbele ya jaji kwa uzito uliostahili. Wanafunzi waliokuwa wamekalia nafasi zile 16, na vijana waliokuwa wakitarajia kuzikalia, hawakuwa washtaki wala washtakiwa. Kwa Kiswahili cha barazani tungesema kwamba shauri la mali ya watu lilisikilizwa kati ya majirani wawili, na wenye mali hawakupewa hata taarifa.

Pengo lingine lilikuwa la aina tofauti. Ilifahamika baadaye kwamba mkuu wa shule alikuwa na desturi ya kuingilia kati ili baadhi ya watoto wa wenye majina na mali wapate nafasi. Hao nao waliingia nje ya ushindani, na huenda mmoja wao alikalia kiti ambacho Bakke angekipata. Jambo hilo halikuwa sehemu ya madai. Upendeleo wa rangi uliitwa mahakamani ujieleze, na upendeleo wa ukoo ukabaki nyumbani.

Jaji wa Yolo aliamua kwamba utaratibu ulikiuka Katiba, ila hakuamuru Bakke apokelewe, kwa kuwa hakuthibitisha kwamba angeingia endapo nafasi 16 zisingetengwa. Mahakama ya Juu ya California, tarehe 16 Septemba 1976, ilikubaliana naye kuhusu Katiba kwa kura sita dhidi ya moja, uamuzi ukiandikwa na Jaji Stanley Mosk. Kisha ikageuza mzigo wa kuthibitisha: chuo ndicho kioneshe kwamba Bakke asingeingia hata bila utaratibu ule. Chuo kikajibu kwamba hakiwezi. Kwa jibu hilo fupi Bakke akawa ameshinda nafasi, na chuo kikapata njia safi ya kufika Washington. Baadhi ya watetezi wa haki za kiraia walikisihi chuo kisikate rufaa, wakaiomba hata Mahakama ya Juu ya Marekani isiipokee kesi hiyo, kwa hoja kwamba kumbukumbu zake zilikuwa pungufu mno kuamulia jambo zito namna ile. Ombi lao halikukubaliwa.

Hoja zilisikilizwa tarehe 12 Oktoba 1977. Chuo kiliwakilishwa na Archibald Cox, profesa wa Harvard aliyefahamika kote nchini kama mwendesha mashtaka ambaye Rais Nixon aliagiza afukuzwe wakati wa kashfa ya Watergate. Maandishi ya wadau wa nje yaliyowasilishwa yalizidi 50, na ni katika maandishi hayo, si katika ushahidi, kwamba Weusi na Wameksiko walipata kusema kitu.

Uamuzi ulitolewa tarehe 28 Juni 1978, na majaji tisa waligawanyika kwa namna isiyo ya kawaida. Majaji wanne walisema Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa rangi katika taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, na kwa hiyo Bakke apokelewe. Wanne wengine walisema utaratibu wa Davis ni halali kwa kuwa unalenga kurekebisha madhara ya ubaguzi. Katikati alibaki mtu mmoja, Lewis Powell wa Virginia, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya shule za mji wa Richmond katika miaka ambayo watoto weusi na weupe waliendelea kusoma mbalimbali. Aliungana na wanne wa kwanza kuzifuta nafasi 16 na kumpa Bakke ushindi, kisha akaungana na wanne wa pili kusema kwamba rangi inaweza kufikiriwa. Sababu alizozitoa hazikukubaliwa kikamilifu na jaji mwingine yeyote, na bado ndizo zilizogeuka kuwa sheria.

Chuo kilikuwa kimetoa sababu nne: kupunguza uhaba wa madaktari kutoka makundi ya wachache, kurekebisha madhara ya ubaguzi wa jamii, kupeleka madaktari katika maeneo yasiyohudumiwa, na kupata manufaa ya kielimu yanayotokana na darasa lenye watu wa aina mbalimbali. Powell aliikataa ya kwanza kwa kusema ni ubaguzi kwa ajili ya ubaguzi wenyewe. Ya pili aliikataa kwa sababu ubaguzi wa jamii kwa ujumla wake ni dhana isiyo na umbo, inayoweza kurudi nyuma katika wakati bila kikomo, na Davis haikuwa imethibitishwa kuwa ilimbagua mtu yeyote. Kuhusu ya tatu alikiri kwamba afya ya wananchi ni lengo zito, ila katika kumbukumbu za kesi hakuona ushahidi kwamba utaratibu ule ungelifikia. Akaikubali ya nne peke yake, na akautaja utaratibu wa Harvard kuwa mfano mwema, akinukuu maelezo yake kwamba kijana wa shamba kutoka Idaho anaweza kuleta kitu ambacho mtu wa Boston hana, na vivyo hivyo mwanafunzi mweusi.

Hapo ndipo maana yote ilipogeuka, na ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu Powell kwa kuleta suluhu. Mjadala ulioanza kwa kuuliza Wamarekani weusi wanadaiwa nini na nchi yao ulimalizika kwa kuuliza uwepo wao darasani unawafaidi vipi wenzao. Jaji Thurgood Marshall, Mweusi pekee katika jopo lile, aliona hatari hiyo mara moja. Aliandika maoni yake mwenyewe, akaanzia miaka 350 nyuma, Mwafrika alipoburutwa kwa minyororo hadi Marekani ili auzwe utumwani, akaja hadi wakati wake, ambapo Weusi walikuwa asilimia 11.5 ya watu wote na asilimia 2 tu ya madaktari. Historia na takwimu ambazo zilipaswa kuwapo tangu Yolo zilifika mwisho wa safari, katika maandishi ya jaji aliyekuwa upande ulioshindwa kuhusu hatima ya nafasi zile 16. Mwenzake Harry Blackmun aliandika kwamba ili kuuvuka ubaguzi wa rangi ni lazima kwanza kuizingatia rangi, na kwamba hakuna njia nyingine.

Athari ya kigezo cha Powell inawagusa hata wasomaji wa lugha hii walio ughaibuni. Mtoto aliyezaliwa Minneapolis au Houston kwa wazazi kutoka Mombasa au Bukavu aliweka alama katika kisanduku kilekile cha Weusi pamoja na mjukuu wa watumwa wa Mississippi. Kama lengo ni darasa lenye sura mbalimbali, wote wawili wanalitimiza sawasawa, na pengine mtoto wa wahamiaji wenye digrii hulitimiza kwa urahisi zaidi. Kama lengo ni kulipa deni, hawako sawa hata kidogo. Mwaka 2004 wasomi Lani Guinier na Henry Louis Gates walilizungumza jambo hilo hadharani, kwamba sehemu kubwa ya wanafunzi weusi wa Harvard walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Karibi na Afrika. Simlaumu mzazi yeyote wa Kiafrika aliyefurahia nafasi ya mwanawe, maana mtoto huyo naye hubaguliwa barabarani na dukani kwa rangi ileile. Ninachosema ni kwamba sheria iliyokataa kutaja sababu ya kweli ilipoteza uwezo wa kumtambua iliyemkusudia.

Ushahidi ambao Powell hakuuona ulikuja. Mwaka 1996 utafiti uliofanyika California na kuchapishwa katika New England Journal of Medicine ulionesha kwamba madaktari weusi walifanya kazi katika maeneo yenye Weusi wengi zaidi na kuhudumia wagonjwa weusi wengi zaidi kuliko madaktari wengine, na kwamba madaktari wa Kilatino walifanya vivyo hivyo kwa watu wao. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa wahitimu wa Davis yenyewe ulieleza kwamba walioingia kwa kuzingatiwa kipekee walimaliza masomo kwa kiwango kilichokaribiana sana na wenzao, na kazi zao za baadaye hazikutofautiana sana na za wengine. Ile sababu ya tatu, iliyotupwa kwa kukosa ushahidi, ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Lakini mwaka huohuo wa 1996 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 209, lililopiga marufuku upendeleo wa rangi katika vyuo vya umma vya jimbo hilo.

Katika nchi nzima kigezo cha Powell kilishikiliwa tena mwaka 2003 katika kesi ya Chuo Kikuu cha Michigan, ambapo Jaji Sandra Day O'Connor alisema anatarajia upendeleo wa namna hiyo usihitajike tena baada ya miaka 25. Haikufika hata huko. Tarehe 29 Juni 2023, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, Jaji Mkuu John Roberts na wenzake waliliangusha jengo lote kwa hoja kwamba manufaa ya mchanganyiko hayapimiki, na hakuna awezaye kusema yametimia lini. Nauona uamuzi huo kuwa mchungu, na wakati huohuo nakiri kwamba hoja ile ilipiga mahali palipokuwa dhaifu kweli. Deni lina mwanzo, lina kiasi na lina mwisho. Uhaba wa madaktari katika bonde la mashamba ya California unahesabika kwa vichwa. Vyuo havikuruhusiwa kusimama juu ya haya tangu 1978, na baada ya miaka mingi vilizoea kutoyataja.

Bakke aliingia Davis Septemba 1978, akahitimu 1982, akawa daktari wa usingizi huko Minnesota, na kwa miaka yote amekaa kimya mbele ya waandishi wa habari. Sioni sababu ya kumchukia. Zile nafasi nne zilizokuwa wazi mwaka 1973 zilimpa lalamiko la haki, na kamati iliyokuwa na busara ingeona kwamba kuwapokea hata wachache kati ya wale Wazungu 73 kungeulinda utaratibu wake mbele ya mahakama na mbele ya dhamiri.

Shule ya Davis, iliyofungwa mikono na Pendekezo 209, ilitafuta njia nyingine. Sasa inawapima waombaji kwa mizani ya hali duni ya maisha, inayoanzia 0 hadi 99: kipato cha familia, elimu ya wazazi, kama mtu amekulia mahali pasipo na huduma ya kutosha ya afya, na kama aliisaidia familia yake kujikimu. Alama hiyo huwekwa pembeni ya alama za mtihani, na rangi ya mwombaji haimo. Uamuzi wa 2023 ulipotoka, waandishi wa habari walifika Davis kutazama utaratibu huo, wakakuta shule iliyokuwa miongoni mwa zile zenye mchanganyiko mkubwa zaidi wa wanafunzi wa udaktari nchini, ikimuuliza kila mwombaji swali lililokuwa kwenye fomu ya mwaka 1973.